Panya Namba Kumi na Saba

Kambi ya mafunzo,
6 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kwa hiyo usishangae mistari ikipanda mlima. Mimi mzima, ukiondoa kidole gumba kilichobanwa na mlango wa banda. Mbwa wote kumi na mmoja wazima. Mpishi wa kambi amepata mjukuu, na tangu Jumatatu chai yetu ina sukari mara mbili. Hatujui kama ni furaha au usahaulifu. Simu hapa haishiki mpaka upande juu ya tangi la maji, na juu ya tangi pana nyigu. Ndiyo sababu ya barua.

Mama Mdogo ameniandikia. Usimkasirikie, nilimwuliza mimi. Anasema tangu mvua ziishe hujavuka mlango wa mbele. Anasema akikuwekea chai inaota ngozi mbele yako, nawe unaitazama. Maneno yake haya: "Kaka amekuwa kabati. Yupo pale pale, ukitaka kupita unamzunguka." Majirani wanasema ni msiba, kwamba tangu mkaza mjomba atutoke umeamua kumfuata polepole ukiwa kitini. Mimi sikubali. Mwaka wa kwanza wa msiba ulipaka nyumba nzima rangi peke yako na ukagombana na fundi bomba. Kukaa kitini umeanza huu mwaka wa pili. Haliniingii akilini. Kwa hiyo ombi langu ni moja: nenda hospitali, Mjomba. Wakupime, waseme huna kitu, nami ninyamaze.

Najua utairuka aya hiyo, basi nakuwekea nyingine ya kukurudisha mezani.

Nina mbwa anayeitwa Karani, kwa sababu hapitishi kitu bila kukikagua. Tunamfundisha kutafuta watu waliofukiwa na majengo. Mtu anajificha ndani ya mabomba ya zege chini ya kifusi, mbwa anamtafuta, akimpata anabweka, nami namrushia mpira wake. Nikiwa namfundisha mwenyewe, hakosi. Mara arobaini mfululizo, hakosi. Mkuu wa kambi akija kumpima, anazunguka kifusi kama mtu aliyepoteza funguo, kisha anakuja kukaa miguuni pangu. Ameanguka mara mbili. Akianguka tena Juni, atafungwa mnyororo alinde geti. Wewe umekaa na wanyama miaka thelathini na moja katika ile maabara ya chuo. Ana nini huyu?

Mpwa wako,
Bi Kwanini (jina ulinipa mwenyewe, usilikane)

*

Nyumbani,
1 Machi

Bi Kwanini, mpwa wangu,

Marahaba, na pole kwa kidole. Huku hatujambo. Paa la jikoni limezibwa. Jirani wa kushoto amenunua jogoo asiyejua saa. Hongera zimfikie mpishi, lakini mwambie sukari ina kiasi.

Kuhusu hospitali: Mama Mdogo wako ni fundi cherehani, kazi yake ni kuongeza kitambaa palipopungua. Tuliache hilo. Na usijali kuhusu simu, hata mimi sizipendi siku hizi. Kila ninayezungumza naye ananiambia "ongeza sauti, Mzee", nami nasema kama kawaida yangu. Wanatengeneza simu mbovu.

Sasa tuje kwa Karani, maana swali lako ni zuri na nimelala nalo siku kadhaa.

Chini kabisa ya ubongo wa mbwa, na wa panya, na wako, kuna fungu dogo la seli zinazotengeneza kemikali iitwayo dopamini. Ni chache mno ukilinganisha na ubongo mzima, lakini matawi yake yamesambaa kila upande. Watu wameambiwa kwamba dopamini ndiyo raha yenyewe. Hata sisi maabara tulianza na wazo hilo, na panya ndio waliotutoa ushamba.

Tuliwawekea taa ndogo ya kijani na mrija wa maji ya sukari. Taa ikiwaka, sekunde mbili baadaye linadondoka tone. Tulikuwa tumetega waya mwembamba kwenye zile seli na kuunganisha na spika, kwa hiyo tulizisikia zikilia kama bisi zinazopasuka. Siku ya kwanza zililia tone lilipodondoka. Baada ya wiki moja zililia taa ilipowaka, na tone lilipofika, kimya. Panya analamba midomo, utamu ameupata, lakini seli hazina habari naye. Kisha tukafanya ukatili mdogo: tukawasha taa, tukazuia tone. Sekunde ya pili ilipofika bila kitu, hata ule mlio mdogo wa kawaida ulikatika. Zilikuwa zinahesabu, Bi Kwanini. Zilijua kitu kilipaswa kufika na hakikufika.

Kwa hiyo kemikali hii haisemi "tamu". Inasema "inakuja, inuka". Na tuzo ikishazoeleka, mlio huo hurudi nyuma hatua kwa hatua mpaka kwenye ishara ya kwanza kabisa inayoitangulia.

Sasa nijibu. Ishara ya kwanza kwa Karani ni ipi? Wewe unadhani ni harufu ya mtu aliyejificha. Mimi sina hakika. Mpira unakaa wapi? Mkono wako unafanya nini kabla hajabweka? Usijibu kwa kukumbuka, maana mikono yetu wenyewe hatuijui. Tafuta mtu akutazame wewe, asimtazame mbwa.

Mjomba wako

*

Kambi,
19 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Kidole kimepona, kucha imeng'oka, nimeihifadhi kukuonyesha kama nilivyokuwa nikifanya na meno. Sukari imerudi kiasi chake. Mjukuu wa mpishi ana kilo nne na ushee, na kila mmoja wetu ameonyeshwa picha yake si chini ya mara sita.

Nimekutii. Nilimwomba mpishi huyo huyo asimame kando na kunitazama, kwa kuwa hajui lolote la mbwa. Nilimficha mwenzangu bomba la tatu, nikamwachia Karani. Alipokaribia bomba la tatu akabweka, nikarusha mpira, nikageuka nikasema, "Haya, umeona nini?"

Mpishi akacheka mpaka akashika goti. "Dada, mkono wako wa kulia unaingia mfukoni mbwa akiwa bado bomba la pili. Hata mimi nisiye na pua ningempata yule mtu."

Nilibisha. Akaniambia tujaribu tena, safari hii yeye akawa anasema "umeingia!" kila mkono unapogusa mfuko. Mjomba, mbwa alikuwa ananitazama kwa pembe ya jicho muda wote. Mara arobaini sikumfundisha kutafuta watu, nilimfundisha kutafuta mkono wangu. Na Mkuu akija, mimi sijui mtu amefichwa wapi, mkono hauendi popote, na mbwa wa watu hana pa kusoma. Niliona aibu kwa niaba yake. Yeye hakukosea chochote, alifaulu mtihani ambao sikujua ninamtungia.

Niambie nimrekebishe vipi, muda ni miezi mitatu. Na nina swali jingine, lile la kunipa jina: mnyama akiikosa kabisa hiyo dopamini inakuwaje? Anakosa raha?

Mwisho, na usikasirike. Mwandiko wako umekuwa mdogo. Nilisoma ukurasa wa pili nikiwa dirishani. Unabana karatasi? Nikutumie nyingine? Mama Mdogo anasema barua yangu ilikaa siku kumi mezani kabla hujashika kalamu. Na hospitali je?

Bi Kwanini

*

Nyumbani,
6 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimechelewa, naomba radhi. Huku kuzuri. Mvua imekuja, ikaenda. Jogoo ameuzwa. Karatasi ninazo za kutosha, naziheshimu tu.

Mpishi wako amenichekesha. Mwajirini.

Dawa ya Karani ni hii. Wewe usijue kabisa mtu amefichwa wapi. Mwambie mwenzako amfiche ukiwa umegeuka, na kila siku mahali tofauti. Toa mpira mfukoni mwako, mpe yule anayejificha. Mbwa akimpata, mpira utoke kifusini, kwenye mkono wa aliyefukiwa. Siku za kwanza atakuja kukaa miguuni pako akikusihi. Usimwangalie. Atachanganyikiwa, kisha atakumbuka kwamba ana pua. Ule mlio ndani ya kichwa chake utahama kutoka mkononi mwako kwenda kwenye harufu, na ukishahamia huko, mtihani wa Mkuu hautakuwa na tofauti na siku nyingine yoyote.

Swali lako la pili. Nimelizungukazunguka, ndiyo maana barua imekaa.

Hapana, hakosi raha. Tuliwahi kuchukua panya ishirini tukawadunga dawa inayoua zile seli. Baada ya siku chache wakaacha kula. Tulidhani wameugua tumbo. Lakini ukimwekea tone la sukari kwenye ulimi, alilamba midomo yake vilevile kama mzima, idadi ile ile, tulihesabu kwenye filamu. Utamu ulikuwepo. Njaa ilikuwepo. Kilichokosekana ni kile kinachomtoa hapa na kumpeleka pale. Chakula kiko kidole kimoja kutoka puani, naye anakonda mpaka kufa. Kupenda na kutaka, Bi Kwanini, tulidhani ni kitu kimoja chenye majina mawili. Kumbe ni vyumba viwili, na unaweza kuzimiwa taa kimoja tu.

Wengi walikufa. Namba kumi na saba nilimlisha mwenyewe kwa mrija, asubuhi na jioni, siku sitini na moja. Kanuni ziliruhusu siku saba tu. Sijui kwa nini yeye. Labda kwa sababu alikuwa ananitazama.

Nataka uelewe vizuri jinsi ilivyo, maana watu huikosea. Husema ni uvivu, au majonzi. Majonzi yana uzito, unaweza kuyalilia. Hii haina uzito wowote. Anakiona chakula. Anajua kimewekwa na mtu anayemjali, anajua kitapoa na mtu huyo atasikitika. Anasikia cherehani ikisimama na kujua anakuja kutazama kama kimeliwa. Anajiambia: sasa. Kisha: sasa. Kutoka pale mpaka mlangoni ni hatua kumi na moja, anazijua zote, angeweza kuzichora. Hasogei. Wala haumii. Hilo ndilo baya lake, haumii vya kutosha.

Nimechoka kidogo. Fanya mazoezi na mbwa wako.

Mjomba wako

*

Kambi,
14 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Leo nakuomba uniruhusu nifupishe salamu. Tuko salama wote.

Barua yako niliisoma mara mbili kisha nikampelekea daktari wa mifugo wa kambi, mama mtu mzima, mkali, kwa sababu nilitaka ayaone maelezo ya panya. Hakuyasoma. Aliinyanyua karatasi akaitazama kwa mbali kama mtu anayetazama kitambaa dukani. Akauliza, "Aliyeandika ana miaka mingapi?" Nikamwambia sabini na moja. Akaweka kidole mwanzoni mwa mstari akakivuta mpaka mwisho. "Kila mstari unaanza na herufi za kawaida unaishia na chembe za mchanga. Sauti yake je, imeshuka? Anatembea vipi? Uso wake bado unacheka?"

Nilimwambia uso wako siujui tena. Ni mwaka na nusu sijakuona. Kuhusu sauti, nilikumbuka simu zako mbovu.

Kisha nilirudi bandani nikaisoma mara ya tatu. Mjomba, nilikuwa nakuja maabara kwenu nikiwa na sare za shule. Nakumbuka harufu ya maranda, nakumbuka kengele, nakumbuka friji iliyokuwa ikikohoa. Sikumbuki cherehani.

Si panya huyo. Ni wewe, na kiti chako, na sebule yenu. Na unajua ni nini, kwa sababu hakuna mtu katika familia hii, pengine katika mji huo mzima, anayekijua kitu hiki kuliko wewe. Tangu Februari nakuuliza hospitali, unanijibu mbwa.

Umepimwa? Sitaki maelezo ya seli. Nataka ndiyo au hapana.

Mpwa wako

*

Nyumbani,
10 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Ndiyo.

Nilikwenda mwenyewe, mwezi Oktoba, siku Mama Mdogo wako alipokwenda harusini. Daktari alikuwa mwanafunzi wangu. Aliniambia nigonganishe kidole gumba na cha shahada harakaharaka, na kabla sijafika mara ya kumi nilishajua, naye alijua kwamba nimejua. Ni ule ugonjwa watu wanaouita wa kutetemeka, ingawa mimi sitetemeki, ndiyo maana hakuna aliyeshuku. Mimi nimegeuka mzito na mkimya tu. Zile seli zinakufa moja moja, bila sindano ya mtu. Akaanza kunieleza dopamini ni nini. Nikamwacha aeleze. Alieleza vizuri, ningempa sabini na tano.

Alinipa vidonge. Viko kwenye mtoto wa meza, chini ya stempu. Sijameza hata kimoja. Daktari anasema dawa haiponyi, lakini inaweza kunirudishia miaka ya kutembea, kula na kusema. Bila dawa, nitazidi kuwa hivi mpaka nishindwe kumeza. Kwa hiyo sijidanganyi kuhusu ninachochagua.

Sababu yangu ni hii, na sijamwambia mtu.

Baada ya zile siku sitini na moja tulimpa namba kumi na saba dawa hiyo hiyo, ile ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini. Dakika ishirini na tano. Alitikisa masharubu, akasimama, akaenda kwenye sahani, akala. Nililia mbele ya wanafunzi. Akala akashiba akaanza kupanda kingazi tulichomwekea. Saa tatu baadaye dawa ikaisha akiwa katikati ya kingazi, mguu mmoja juu. Alibaki hivyo. Hakuanguka wala hakushuka. Nilimtoa kwa mikono yangu, akanijia mzimamzima kama kitu kilichogandishwa.

Tulirudia kwa wiki tatu, kwa ajili ya grafu. Ratiba niliishika mimi. Niliamua saa ngapi atake na saa ngapi asitake. Nilikuwa naandika kwenye daftari: amewaka, amezimika. Kama taa ya kijani.

Kila nikifungua mtoto wa meza naona kingazi. Na kuna jambo jingine, dogo lakini linanisumbua zaidi. Nikiinuka kwa kidonge nikamtamani mpwa wangu, nikatamani chai, nikatamani kesho, nitajuaje kama ni mimi niliyetaka? Sasa hivi sitaki kitu, lakini angalau huku kutotaka ni kwangu.

Naomba usimwambie Mama Mdogo wako.

Mjomba wako

*

Kambi,
24 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Salamu za hapa: mjukuu wa mpishi ameota jino, na Karani amefaulu.

Mkuu alimficha mtu mimi nikiwa ndani ya stoo na mlango umefungwa. Nilitoka nikasimama mikono mgongoni kama askari wa gwaride. Karani alikuja akanitazama mara moja. Sikumpa kitu. Akageuka. Alichukua dakika kumi na tisa, alipanda kifusi akateleza, akarudi, akasimama juu ya tundu ambalo hata mimi nisingelidhania, akabweka, na mpira ukatoka ardhini. Mkuu alisema, "Huyu ndiye yule wa geti?" Nimekuandikia yote haya kwa sababu kazi hiyo umeifanya wewe kwa herufi za mchanga, ukiwa kwenye kiti ambacho unasema ukikikalia hutaki kitu. Daktari wa mifugo amenieleza kwamba mtu wa ugonjwa huo hubakiwa na kidogo, na hicho kidogo huamshwa na kile alichokipenda sana. Nadhani wewe ulikitumia chote kwa mbwa wa mtu mwingine.

Sitamwambia Mama Mdogo. Lakini nitakwambia anachofikiri. Anadhani hupendi mapishi yake. Katika barua yake ya mwisho amesema amebadilisha chumvi mara tatu, ameacha vitunguu, sasa anataka kumwomba jirani ampikie, huenda ukala cha mkono mwingine. Analia, Mjomba. Anasema mkaza mjomba alikuwa anajua kukulisha na yeye hajui. Kutotaka kwako unakusema ni kwako. Si kwako peke yako. Kuna mtu anakuokota kwenye kingazi kila siku, na hajui anaokota nini.

Na sasa kwanini yangu. Umenieleza namba kumi na saba alivyoganda. Umenieleza mguu ulivyokuwa juu. Hujanieleza zile saa tatu. Alifanya nini? Wewe uliyenikataza, nikiwa na miaka tisa, kuleta ripoti ya jaribio la maharage iliyoanzia siku yalipokauka, leo unaniletea ripoti inayoanzia pale dawa inapoisha. Siipokei. Daftari lipo, nalijua, lina jalada jeusi, liko juu ya kabati la vitabu. Nenda kasome.

Ulisema ratiba uliishika wewe na ndiyo dhambi yako. Basi safari hii anayeishika ratiba na anayepanda kingazi ni mtu mmoja.

Nakupenda. Sijui ni kemikali gani, na sijali.

Mpwa wako

*

Nyumbani,
30 Julai

Mpwa wangu,

Marahaba. Mpe Karani salamu zangu, na jino la mjukuu nalo hongera zake.

Daftari lilinichukua siku nne kulifikia. Liko mahali uliposema. Nanakili kama nilivyoandika miaka ile, kwa mwandiko mzuri kuliko huu:

"Dakika 25, amesimama. Dakika 27, amekula. Dakika 40, amejisafisha uso, masikio, mkia. Dakika 52, amechana karatasi za sakafuni na kujenga kiota kwenye kona ya kusini. Dakika 70, amebomoa kiota, amekijenga kona ya kaskazini. Dakika 95, amenusa tundu la jirani, panya ambaye hakudungwa, kwa muda mrefu kupitia wavu, wamegusana pua. Dakika 110, amelala kiotani, usingizi wa kawaida. Dakika 150, ameamka, amekula tena. Dakika 165, anapanda kingazi."

Nilikuwa nimeandika yote hayo kwa mkono wangu na nikayasahau. Miaka yote nimekumbuka ule mguu tu. Kiota chenyewe alikibomoa akakihamisha, Bi Kwanini. Hakuna aliyempangia kona. Dawa ilimpa kuinuka. Kona ya kaskazini aliichagua mwenyewe.

Nilimwita Mama Mdogo wako. Hakunisikia, nikagonga meza. Nikamwambia yote, kuanzia Oktoba. Alisimama na mkasi mkononi akasema, "Kumbe si chumvi!" Kisha akalia. Kisha akakasirika, hasira ya kweli, alinigombeza kama mtoto aliyecheza barabarani, na nilistahili. Jioni ile ile akaninyang'anya vidonge, akaviweka kwenye kopo la vifungo, na tangu hapo yeye ndiye saa. Hakubali kuchelewa dakika tano. Nilimweleza kwamba mishipa ya fahamu haisomi saa kwa ukali huo. Akanijibu, "Wewe ulikuwa na ratiba yako, ukaiweka chini ya stempu. Meza."

Nitakueleza inavyokuwa, kwa kuwa ni wajibu wangu kueleza. Wiki mbili za kwanza sikuona kitu isipokuwa kichefuchefu, na nilikuwa karibu kufurahi. Jumatano iliyopita mvua ilipiga kwa upande ikaingia sebuleni. Nilifunga dirisha. Nilikuwa nimeshalifunga, mkono bado uko kwenye komeo, ndipo nikagundua kwamba nimesimama. Sikuwa nimejiambia "sasa". Cherehani ilisimama kule mbele, Mama Mdogo wako akachungulia, akaniona, akarudi akaendelea kushona. Nilisikia alivyokuwa anashona vibaya.

Inaisha, kama nilivyojua itaisha. Hupanda saa tatu na nusu asubuhi hivi na kushuka karibu na saa sita. Ikishuka naganda kidogo, wakati mwingine njiani kati ya chumba na chumba, na Mama Mdogo wako huniletea kiti pale pale niliposimama na kuendelea na kazi zake. Sijapata jibu la kama ni mimi au ni kidonge. Asubuhi huwa silikumbuki swali, adhuhuri nalikumbuka. Hilo nalo nimeliandika kwenye daftari.

Sasa ni saa nne na dakika kumi. Barua zote zilizotangulia alizipeleka Mama Mdogo wako. Posta ni mwendo wa dakika ishirini kwa mtu wa kawaida, mimi najikadiria thelathini na tano, na dakika nyingine hizo za kurudi. Ana mteja anayepimwa gauni na hataki nitoke peke yangu. Anapiga kelele kutoka chumba cha mbele kwamba atanipelekea kesho, kwamba barua haiozi. Nimemwambia nataka kuipeleka mwenyewe. Amekuja mlangoni na pini midomoni, mteja akiwa nyuma yake. Nadhani ni mwaka sijalitumia neno "nataka" katika nyumba hii.

Nafunga bahasha. Ukiwa unasoma hapa, nilifika.

Mjomba wako